Treni ya Saa Nane na Dakika Kumi

Jumamosi iliyopita nilialikwa harusi hapa Voi. Kadi ilisema saa nne kamili, na hilo neno "kamili" lilikuwa limepigiwa mstari. Saa nne kamili nilikuwa pale, nimevaa koti na tai, nikakuta vijana wa mahema ndio wanashusha vyuma kutoka kwenye lori. Mmoja akaniuliza kama mimi ndiye mwenye kiwanja. Katibu wa kamati alipofika, ilikuwa saa tano na nusu, nikamwuliza kulikoni. Akacheka.

"Babu, harusi ni saa sita. Tuliandika saa nne kwa sababu tunawajua watu wetu."

Nilitaka kumvuta masikio. Nikamwambia aketi nimweleze habari ya treni moja ya Japani, akasema ana haraka, keki bado haijatoka Mombasa. Basi nawaandikia ninyi nyote, mnaofungua ofisi za kukata tiketi na kupanga safari, na ninyi wa kamati pia, ili nisilazimike kuisimulia habari hii kila Jumamosi hadi nitakapozikwa. Na mazishi yangu, tafadhali, andikeni saa ya kweli.

Kazi yangu ilikuwa kupanga safari za watu wengine. Nilianza kama karani wa tiketi kwenye stesheni ya reli hapa nyumbani, na treni zilipokuwa chache kuliko makarani nikaenda Doha. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikaa nyuma ya meza moja, katika ofisi moja ndogo ya usafiri kule Abu Hamour, kati ya duka la mikate na fundi wa simu, miaka kumi na mitatu. Nimewapeleka watu Manila, Kochi, Entebbe, Istanbul na Geneva. Mimi mwenyewe nilisafiri njia moja tu, Doha na Nairobi, kila baada ya miaka miwili, na mara zote nilikaa karibu na choo.

Aliyenifundisha kazi ni Thomas, mzee wa Kerala, kule India, aliyekuwa Doha tangu barabara nyingi zikiwa mchanga. Alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Enzi hizo tiketi ilikuwa kijitabu chenye kaboni nyekundu ndani. Ukikosea herufi moja ya jina la abiria, kijitabu chote kinafutwa na unaandika barua ya kueleza kwa nini. Ninyi leo mnagusa kioo, mnakosea, mnagusa tena, halafu mnaniambia kazi ni ngumu. Thomas alikuwa na sheria moja tu: andika kilichomo kitabuni. Kitabu cha ratiba kikisema saa kumi na dakika saba, unaandika saa kumi na dakika saba. Huandiki "saa kumi hivi", wala "kama saa kumi na robo". Nilimwona mshamba kidogo.

Sasa sikieni nilivyoharibika, kwa sababu mtu haharibiki siku moja. Mwaka wangu wa pili nilimkatia tiketi askari wa ulinzi kutoka Uganda, jina lake Okello, mtu mpole wa kimo kirefu. Ndege yake ilikuwa dakika kumi na tano baada ya usiku wa manane kuingia Jumapili. Nikamwandikia Jumapili, kama kitabu kinavyosema. Okello akafika uwanjani Jumapili jioni na blanketi mbili na televisheni, wakati ndege yake ilikuwa imeshatua Entebbe tangu alfajiri. Alirudi ofisini Jumatatu na ile televisheni begani. Hakunitukana. Aliiweka juu ya meza yangu na kuniangalia.

Tangu siku hiyo, kila ndege ya baada ya usiku wa manane nilikuwa naandika kwa kalamu nyekundu: "Nenda uwanjani Jumamosi jioni." Hilo ni jema, nanyi mlifanye. Lakini hapo ndipo nilipoonja utamu wa kumwelekeza mtu kwa kalamu. Nikaanza kusogeza. Dawati la mizigo likifungwa saa tatu, naandika saa mbili. Basi likiondoka saa moja, naandika saa kumi na mbili na nusu. Watu wakawahi, wakanishukuru, wakaniletea tende. Nikajiona bingwa wa kazi, mtu anayewajua watu wake.

Katika watu wangu hao alikuwepo Sista Priska, muuguzi kutoka Machakos, mlezi wa kikundi cha wauguzi wa Kenya waliokuwa wakikutana baada ya ibada ya kanisa, ambayo kule ni Ijumaa. Mama wa sheria. Akikuambia atafanya kitu, atakifanya. Siku moja, nadhani ilikuwa 2012, alikuja ofisini akaketi, akafungua mkoba na kutoa barua.

Miaka kadhaa nyuma, Priska alikuwa amemhudumia mgonjwa mmoja Mjapani, mhandisi wa gesi, miezi minne mfululizo mpaka alipofariki. Mke wake, Bi Haruko, alikuwa akilala kwenye kiti kando ya kitanda. Yule mhandisi, kwa Kiingereza chake cha kuokota, kila siku alimweleza Priska habari ya mti mmoja alioupanda nyuma ya nyumba yao kijijini. Ukifika msimu wa majani kugeuka, alisema, mti ule unakuwa mwekundu mpaka mtu anadhani kuna moto nyuma ya nyumba. Priska akamwahidi kwamba atakwenda kuutazama, na mke wake ndiye atakayemwonyesha. Mnajua wagonjwa wanavyoahidiwa mambo. Tofauti ni kwamba Priska alikuwa na nia ya kutimiza.

Barua ilitoka kwa Bi Haruko. Nyumba imeuzwa. Mtoto wake anamchukua akaishi naye mbali sana, kusini. Ataondoka tarehe fulani ya Novemba, kwa treni ya alfajiri. Kama Priska bado anataka kuuona mti, mwaka ni huu.

"Likizo yangu inaanza siku mbili kabla ya hiyo tarehe," Priska akaniambia. "Nikipanda ndege siku hiyohiyo, nafika kwake lini?"

Nilihesabu. Angefika mchana wa kuamkia siku ya kuondoka. Treni ya bondeni ingemshusha kituoni kwa Bi Haruko saa tisa na dakika hamsini na mbili, na jua la Novemba kule linazama kabla ya saa kumi na moja. Kwa hiyo safari yote ile ilikuwa kwa ajili ya saa moja ya mwanga: Priska, Bi Haruko na mti.

"Saa moja inatosha," Priska alisema.

Kisha akaniambia hendi peke yake. Wauguzi wenzake watatu wanafuatana naye, wakaone Japani. "Na Njoki?" nikauliza. "Na Njoki," akasema.

Njoki alikuwa muuguzi wa watoto kutoka Nyeri, mcheshi, mwenye moyo mkubwa, na mchelewaji ambaye sijaona mfano wake. Kazini hakuchelewa, nasikia. Lakini nje ya kazi, Mungu wangu! Siku ya matembezi ya kanisa, basi lilimsubiri mpaka dereva akazima injini na kwenda kununua sigara. Tulipomwalika kutazama majengo mapya ya mji wa Lusail, alifika wakati sisi tunarudi. Alikuwa na msemo wake: "Si mko hapa? Basi sijachelewa."

Nilifanya kazi ya kupanga safari ile kwa miezi mitatu. Tulikuwa na wakala wetu Tokyo, msichana aliyeitwa Emi, mwenye adabu mpaka unajihisi mchafu. Emi alinitumia kitabu cha ratiba cha reli zao, kizito kama biblia ya mimbari, herufi ndogo za kumtoa mtu macho. Nilijifunza kukisoma kwa rula, mstari kwa mstari. Mnataka ujuzi? Chukueni huu: treni ya mashambani usiitafute kwa jina la mji mkubwa, itafute kwa jina la kituo cha mwisho, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye behewa. Nikawachorea kwa mkono yale maandishi ya Kijapani ya kituo chao cha mwisho, kistari kwa kistari, makubwa, ili walinganishe na yale ya kwenye treni. Kazi nzuri ile, hata leo naisifu.

Halafu nikafika kwenye kile kituo cha njia panda, ambapo reli inagawanyika, moja inapanda bondeni na nyingine inashuka pwani. Treni ya bondeni ilikuwa behewa moja, inayoondoka jukwaa la pili, saa nane na dakika arobaini mchana. Siyo arobaini na moja. Iliyofuata ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Nikamfikiria Njoki anatafuta mahali pa kununua pipi. Nikaona Priska amesimama mlangoni mwa treni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kichwa kikaniuma.

Nikaandika 14:10, yaani saa nane na dakika kumi.

Thomas alipita na chai yake, akachungulia. "Kitabuni ni hivyo?"

"Kitabuni ni arobaini. Hii ni kwa ajili ya Njoki."

Akapuliza chai. "Unamwandikia Njoki, lakini atakayesoma ni Priska."

"Mafi mushkila," nikamjibu, yaani hakuna shida, kwa kile Kiarabu cha ofisini kinachotumiwa na watu ambao shida zao ndio zinaanza.

Siku ya siku, ilikuwa saa mbili na dakika kumi na tatu asubuhi pale Doha. Wao wako mbele yetu kwa saa sita. Nilikuwa ndio kwanza nimefungua ofisi, mkate wa moto mkononi, simu ikalia.

"Mzee Mwakio! Hatukuchelewa!" Priska alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Wueh, leo ungetuona! Tumefika kituoni dakika ishirini mapema, sote wanne. Saa nane na kumi kamili treni imekuja, jukwaa la pili, kama ulivyoandika. Hawa watu wana saa, Mzee, si mchezo."

Nikaweka mkate mezani.

"Mmepanda?"

"Tumepanda, tumekaa. Inakwenda mbio! Na bahari ni nzuri ajabu."

Bondeni hakuna bahari. Nilivuta kile kitabu, nikakitafuta kile kituo. Wiki zote zile nilikuwa nimetazama ukurasa mmoja, wa reli ya bondeni. Reli ya pwani ina ukurasa wake mwingine, na pale, kwa herufi ndogo, nikaikuta: saa nane na dakika kumi, jukwaa la pili, treni ya haraka kwenda pwani. Karani wa wiki ya kwanza angeangalia kurasa zote mbili. Mimi sikuangalia kwa sababu ile 14:10 niliitunga mwenyewe, na mtu hamtafuti kitabuni mtoto aliyemzaa kichwani.

"Priska, hiyo siyo treni yenu."

"Siyo kivipi? Karatasi ninayo hapa."

"Treni yenu ni ya saa nane na dakika arobaini."

Nikasikia magurudumu. Nyuma nikasikia sauti ya Njoki inasema kitu, na Priska akamwambia anyamaze kwanza. Nikafikiri Njoki naye, katika hali ile, anauliza habari ya chakula. Nilimkasirikia kwa umbali wa nusu ya dunia.

"Kama ni arobaini," Priska akauliza polepole, "hapa uliandika nini?"

"Nitakueleza. Shukeni kituo cha kwanza mrudi."

Kituo cha kwanza! Treni ya haraka haisimami kila mahali. Kituo cha kwanza kilikuwa dakika arobaini mbele. Nikapiga Tokyo.

"Emi, wateja wangu wamepanda treni ya 14:10."

"Bwana Mwakio, treni yao ni ya 14:40."

"Najua."

"Samahani, kwa nini wamepanda ya 14:10?"

"Kwa sababu niliandika 14:10."

"Ah. Ulikosea kuandika."

Hapo ningeweza kusema ndiyo, na mambo yakaisha. Sijui kwa nini nilisema kweli. Labda nilidhani inanipunguzia kosa.

"Sikukosea. Niliandika kwa makusudi, ili wasichelewe."

Nilijua Emi anatafuta neno la adabu.

"Lakini hawakuchelewa," akasema.

"Hapana. Walikuwa mapema."

"Samahani, Bwana Mwakio, naomba kuelewa. Waliahidi kuchelewa?"

Jaribuni ninyi kumweleza mtu wa Japani jambo hilo. Jaribuni! Nilijaribu kumweleza habari za harusi zetu, na mikutano, na kwamba mwandishi anapunguza na msomaji anaongeza, kila mtu anajua, na mwishowe tunakutana mahali fulani katikati. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Thomas alikuwa amesimama mlangoni akinisikiliza na kupuliza chai yake, jambo lililoniudhi kuliko kama angenisema.

Emi alifanya alichoweza. Alitafuta teksi, haikuwepo ya kuvuka ile milima kwa wakati. Alipiga nyumbani kwa Bi Haruko kumpa habari, simu ilikuwa imekatwa, maana mwenye nyumba alikuwa anahama. Kile kituo cha kijijini hakina karani wala simu, ni kibanda cha mbao na benchi. Kwa hiyo Priska na wenzake wakashuka pwani, wakangoja, wakarudi hadi njia panda, wakangoja tena mpaka saa kumi na moja na dakika ishirini. Nami nikiwa Abu Hamour niliiangalia saa ya ukutani ikila ile saa moja ya mwanga, dakika kwa dakika. Kijana mmoja wa Nepal aliingia kuulizia tiketi ya kwenda kwao, nikamjibu vibaya. Nilijiona sina maana yoyote, na kilichonikera zaidi ni kwamba sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Priska hakunipigia tena safari nzima. Alirudi Doha baada ya wiki mbili, akaja ofisini akiwa na sare yake ya kazi. Nilisimama. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, na ningeshukuru.

"Kaa, Mzee," akasema. Akanieleza bila kupandisha sauti.

Walifika saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili, giza tupu. Bi Haruko alikuwa kwenye benchi, amejifunika blanketi aliyoletewa na jirani. Alikuwa pale tangu kabla ya saa kumi. Treni ya kwanza iliposimama wakashuka wanafunzi wawili tu, akaona Priska hayumo, akajua basi atakuwa katika inayofuata, akakaa kuingoja. Mikono yake ilikuwa baridi kama samaki. Priska, muuguzi, kitu cha kwanza alichofanya ni kumshika mapigo ya moyo.

Walikwenda kwenye mti kwa tochi. Bi Haruko alimulika jani moja, akalisogeza karibu na uso wa Priska, kisha akahamisha tochi akamulika jingine. Walisimama hivyo muda mrefu, jani kwa jani. Alfajiri, bado giza, mtoto wake akampandisha treni. Jua lilipochomoza, wale wanne wakauona mti mzima, mwekundu kama alivyosema marehemu, katika uwanja wa nyumba isiyo na mtu.

"Niliuona," Priska akasema. "Lakini nilimwahidi marehemu kwamba mkewe ndiye atanionyesha."

Akafungua mkoba, akatoa ile karatasi yangu na kuiweka mezani. Pale nilipoandika 14:10 palikuwa pamekatwa kwa mstari mmoja mwembamba wa penseli, na juu yake, kwa mwandiko safi wa mtu mzima, 14:40.

"Bi Haruko alirekebisha. Anaijua ratiba ya reli yake kwa moyo. Nikamweleza kwa nini uliandika vile. Alifikiri, halafu akaniuliza, huyu bwana amekufahamu muda mrefu? Nikamwambia, miaka mingi. Akauliza, na bado hakuamini kwamba utafika?" Priska akafunga mkoba. "Mwenye jibu ni wewe, Mzee. Nimeona nikuletee swali lenyewe."

Akaenda kazini. Thomas akaniletea chai, akaiweka juu ya meza, akarudi kwenye kiti chake.

Ile karatasi ninayo mpaka leo. Tangu hapo sikusogeza tena dakika ya mtu. Waliochelewa walichelewa, nikawakatia tiketi nyingine. Kuna mhudumu mmoja wa hoteli alikosa ndege mara mbili kwa mwezi mmoja, akanilaumu kwamba zamani nilikuwa nawasaidia watu. Nilimwambia zamani nilikuwa nawadanganya, na akaondoka akiwa amenuna. Uwanja mpya wa ndege ulipofunguliwa watu walipotea zaidi, na mimi nikaandika ya kitabuni, nikakonda kwa wasiwasi, lakini nikaandika ya kitabuni.

Siku yangu ya kuagwa ilikuwa Ijumaa. Wenzangu walipanga chakula cha mchana katika mkahawa mmoja Al Thumama, na nikaomba ujumbe wa mwaliko niuandike mwenyewe. Saa nane mchana. Sikuongeza "kamili", kwa sababu saa nane ni saa nane. Nilifika saa nane kasoro dakika tano. Viti vilikuwa ishirini na vyote vitupu. Mhudumu akaniuliza kama nina hakika na siku.

Saa nane ilipotimia mlango ukafunguliwa, akaingia Njoki.

Nilitazama nyuma yake nikitegemea wengine. Hakukuwa na mtu.

"Njoki? Wewe?"

"Umeandika saa nane, Mzee. Si ni saa nane?"

"Ni saa nane."

"Basi." Akavuta kiti akaketi. Tulikaa tukitazama sahani tupu. Nikamtania kwamba leo jua litachomoza magharibi. Hakucheka, akawa anazungusha glasi.

"Aki Mzee, ngoja nikuambie kitu kabla hujaenda nyumbani. Ile siku ya treni. Mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Yale maandishi uliyotuchorea. Niliyalinganisha na ya kwenye behewa, moja moja, vile ulitufunza. Hayakuwa yenyewe. Nikasema, hii siyo. Nikasema mara tatu, hata ndani ya treni ukiwa kwenye simu. Priska akaniambia, Njoki, leo hata wewe utatufunza saa? Karatasi inasema na kumi, panda. Wote wakacheka. Nami nikapanda."

Nilikumbuka ile sauti nyuma ya magurudumu, na hasira niliyokuwa nayo juu yake. Miaka yote ile nilikuwa nimelibeba kosa nililowatendea Priska na Bi Haruko. Njoki sikuwahi hata kumhesabu. Kumbe saa ile niliiandika kwa ajili yake, na ndiyo iliyomziba mdomo yeye peke yake aliyekuwa amefanya kazi yangu sawasawa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia usoni. "Ungeniamini?"

Vijana, ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Ilikuwa siku yangu ya kuagwa, viti vilikuwa vitupu, hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Neno lile lingemfurahisha, nami lingenifurahisha. Lakini nilikuwa nimeshachoka kuwaandikia watu kitu kisichokuwemo kitabuni.

"Hapana, Njoki," nikamwambia. "Nisingekuamini."

Akatikisa kichwa kukubali, akaita mhudumu, akaagiza chai ya watu wawili.